Robota Lililofungwa: Nani Anajua Kilichomo?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya upendo, malezi ya watoto na maelewano na wakwe. Mwezi huu tuzungumze juu ya robota la mitumba. Tafadhali msifunue ukurasa mkadhani mmekosea gazeti. Swali linaloulizwa sokoni mbele ya robota ndilo linaloulizwa pia nyumbani, taa ikishazimwa: je, ni haki mtu kupewa kitu kilichofungwa, akilipie kwanza, na akione baadaye?

Tuchukue mume na mke wa Chara, huko chini kwenye delta ya mto Tana. Majina yao hayana haja, kwa maana wenzao ni wengi. Wana shamba la mpunga na migomba karibu na mto, na miembe michache. Wamezoea kungojea wasichokijua, kwa sababu mto wenyewe haumpi mtu habari mapema. Mvua za El Niño za mwaka 1997, kisha mafuriko ya mwaka 2018 na ya mwaka 2023, ziliwaondoa watu wengi majumbani mwao katika eneo hilo. Na miaka mingine ni ukame mtupu. Ndipo mke anapomwambia mumewe, "Baba watoto, shamba peke yake halitutoshi. Nataka kujaribu mitumba."

Mume anakubali. Fedha zinatoka katika akiba ya karo. Robota linanunuliwa Mombasa, soko la Kongowea, linapakiwa basi la njia ya Malindi mpaka Garsen, na safari inamaliziwa kwa pikipiki, ikiwa udongo ni mkavu. Linafika mlangoni, zito, limebanwa kwa mikanda ya plastiki. Sasa swali: ndani mna nini?

Biashara ya kitu kisichoonekana

Neno lenyewe linatufundisha. Mtumba ni mzigo uliofungwa. Kwa hiyo tunaposema "nguo za mitumba" hatutaji uzee wa nguo, tunataja kufungwa kwake. Nguo hizi zimevaliwa Uingereza, Ujerumani, Kanada na kwingineko, zikakusanywa, zikachambuliwa, zikashindiliwa kwa mashine. Robota la kawaida huwa na kilo 45. Juu yake huandikwa aina tu: nguo za watoto, suruali za wanaume, magauni, mashuka. Zaidi ya hapo mnunuzi hajui kitu. Analipa, ndipo anakata mikanda.

Wafanyabiashara wana majina ya kitakachotoka. Nguo safi, inayoonekana kama mpya, ni "kamera". Ile iliyochakaa, ya kuuzwa kwa bei ya kutupa, ni "fagia". Kati ya hizo mbili ziko nguo za kawaida, na hizo ndizo zinazorudisha fedha. Tufanye hesabu ya mfano, kila mmoja aweke bei za kwao. Tuseme robota la nguo za watoto limegharimu shilingi 14,000, na usafiri 1,000. Jumla ni 15,000. Ndani mna nguo 240. Kama 70 ni kamera za shilingi 150, nguo 110 za kawaida ni za shilingi 60, na 60 ni fagia za shilingi 20, mauzo yatakuwa 18,300, na faida 3,300. Lakini kama kamera ni 10 tu na fagia ni 120, mauzo ni 10,500, na hasara ni 4,500. Mke ni yule yule, bidii ni ile ile, soko ni lile lile. Kilichobadilika ni yale yaliyokuwa ndani, ambayo hakuna aliyeyaona.

Mambo haya si ya kwetu tu. Huko Ulaya na Marekani wako wauza divai wanaouza sanduku la chupa 12 za divai nyekundu bila kutaja ni divai zipi. Mnunuzi hulipa bei ya chini kuliko kununua chupa moja moja, naye hufurahia kubahatisha. Muuzaji hupata nafasi ya kuondoa chupa zilizokaa ghalani. Tofauti ni hii: divai ikiwa mbaya, mnunuzi yule amepoteza ladha ya jioni moja. Robota likiwa baya, nyumba ya Chara imepoteza karo ya muhula. Kwa hiyo fundisho la kwanza ni rahisi: fedha isiyoweza kupotea isiwekwe katika kitu kisichoweza kuonekana. Kosa la wenzetu hawa halikuwa kununua mitumba. Kosa lilikuwa kuitoa karo.

Lakini hilo ni shauri la busara tu. Swali la haki ni lingine.

Je, ni haki kuuza kilichofungwa?

Wenye hekima wamelijadili jambo hili tangu kale. Mwandishi wa Kirumi, Cicero, katika kitabu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alieleza kisa cha mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Bei ilikuwa juu sana. Mtu huyu alijua kwamba meli nyingine nyingi za nafaka ziko njiani, lakini watu wa Rhodes hawakujua. Je, awaambie, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anawataja wanafalsafa wawili waliobishana. Diogenes alisema muuzaji hutaja yale tu ambayo sheria inamlazimisha, na kunyamaza si kudanganya. Antipater alisema sisi sote ni jamaa moja, basi mnunuzi asifichwe lolote analolijua muuzaji. Cicero mwenyewe alisimama na Antipater.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alirudi kwenye swali hilo hilo. Alipima kwa uangalifu. Akasema kasoro inayoonekana kwa macho, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, maadamu bei inalingana na hali ya mnyama. Lakini kasoro iliyofichika, ambayo itamletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji anayeijua anawajibika kuisema. Juu ya yule wa nafaka alisema haki haimlazimishi kutaja meli zinazokuja, ingawa angetaja angekuwa na wema mkubwa zaidi.

Majirani zetu Waislamu, tunaokaa nao Garsen na delta nzima, nao wana fundisho zito juu ya jambo hili. Katika sheria yao, biashara ya kitu kisichojulikana kilivyo huitwa gharari, nayo imekatazwa. Mifano inayotolewa ni samaki aliye majini bado, ndege aliye angani, ndama aliye tumboni mwa mama yake. Hata matunda yaliyo mtini hayauzwi kabla ya kuonyesha dalili za kuiva. Mtu wa Chara aliyewahi kumuuzia dalali maembe yangali maua anaelewa vizuri kwa nini. Maembe yakijaa, mwenye mwembe anaona ameibiwa. Maua yakipukutika, dalali anaona ameibiwa. Ugomvi umo ndani ya mapatano tangu siku ya kwanza. Waswahili husema kwa ufupi: usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tukiyaweka mafundisho haya pamoja, tunaona jambo moja linajirudia. Hawaulizi tu kama kitu kimefungwa. Wanauliza nani anajua kilichomo. Na hapo robota la mitumba lina hali tatu, ambazo hazifanani hata kidogo.

Hali ya kwanza: hakuna anayejua. Muuzaji wa Kongowea amelipokea robota kutoka bandarini likiwa limefungwa, amelipanga, analiuza lilivyo. Yeye ni kipofu sawasawa na mnunuzi. Wapo watakaosema hata hili ni bahati nasibu, na hoja yao ina uzito. Lakini wote wawili wanalikubali bila hila, na bei imepungua kwa sababu ya giza hilo. Mnunuzi akipata hasara anaweza kuumia, lakini hawezi kusema ameonewa.

Hali ya pili: mmoja anajua, na ananyamaza kwa faida yake. Hutokea mtu akakata mikanda kwa siri, akachagua kamera, akajazia fagia, akafunga tena vizuri. Kwa nje robota ni lile lile. Kilo ni zile zile. Lakini sasa si bahati tena, ni wizi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata imeshachota.

Hali ya tatu: mmoja anajua, na ananyamaza kwa faida ya mwenzake. Msimamizi wa karamu ya arusi ya Kana alionja divai asijue imetoka wapi, huku watumishi walioteka maji wakijua. Hakuna aliyeonewa pale, kwa maana aliyejua alitaka kutoa, hakutaka kunyang'anya. Ndivyo ilivyo mume anapoficha kitenge chini ya kitanda akingojea siku ya kumpa mkewe. Siri hiyo haina sumu.

Ndoa nayo ilifungwa

Sasa turudi nyumbani. Wako wanaosema kwa masikitiko kwamba ndoa ni robota: unaolewa, unaoa, ndipo unafungua. Kuna ukweli hapo. Siku ya arusi hakuna anayejua kama mwenzake atakuwa mgonjwa, atafutwa kazi, atapata watoto au hatapata, atakuwa mpole uzeeni au mkali. Ndiyo sababu ahadi inataja raha na taabu, afya na maradhi. Ahadi ile haina maana kama yote yangekuwa yamejulikana.

Lakini angalieni Kanisa linavyopima. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, inasema kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Wawili wakioana kisha wakagundua hawawezi kupata mtoto, ndoa yao ni ndoa. Kanuni hiyo hiyo inatuelekeza kwenye kanuni ya 1098, inayosema kwamba mtu aliyedanganywa kwa hila ili akubali kuoa au kuolewa, juu ya sifa ya mwenzake inayoweza kuvuruga vikali maisha ya ndoa, hafungi ndoa halali. Mwenye shauri kama hilo na alipeleke kwa wanaohusika; sisi hapa hatuamui. Tunachotaka mwone ni kwamba jambo ni lile lile, nyumba bila mtoto. Tofauti ni nani alijua, na kwa nini alinyamaza. Upofu wa pamoja haubomoi ndoa. Upofu wa mmoja, unaotunzwa na mwingine, ndio unaobomoa.

Hata hivyo mfano wa robota una mwisho wake. Nguo iliyochanika ndani ya robota haitajishona. Mtu hubadilika, naye hubadilika kwa kadiri anavyotendewa. Mke si fagia, wala mume si kamera. Anayemhesabu mwenzake hivyo, akimlinganisha na wa jirani, amesahau kwamba yeye naye alikuwa robota la mtu.

Kufungua usiku, peke yako

Tuwatazame tena wenzetu wa Chara. Robota limefika jioni, mume yuko shambani akilinda mpunga. Mke hana subira. Anakata mikanda kwa taa. Anatoa moja, anatoa ya pili, anatoa ya kumi. Fagia, fagia, fagia. Anakaa chini sakafuni katikati ya nguo za watoto wasio wake.

Asubuhi mume anauliza, "Mama watoto, robota vipi?" Anajibu, "Si baya, baba. Litauzika."

Kuanzia dakika hiyo nyumba ina marobota mawili. La kwanza ni la nguo, na hasara yake ni shilingi 4,500. La pili limo kifuani mwa mke. Ili lisionekane, anakopa kwenye chama cha akina mama, anamletea mume shilingi 1,000 na kuiita faida. Mume anafurahi, anamshauri alete robota jingine. Mke anakopa tena. Baada ya miezi sita deni ni kubwa kuliko karo yenyewe, na mume analisikia barabarani kutoka kwa mtu mwingine. Anarudi nyumbani akisema maneno ambayo wengi wenu mmewahi kuyasikia: "Si fedha. Ni kunidanganya."

Anasema kweli. Hasara ya robota ilikuwa hali ya kwanza: hakuna aliyejua, hakuna aliyeonewa. Uongo wa asubuhi ile uliigeuza kuwa hali ya pili. Sheria ya Kenya ya Mali ya Ndoa, ya mwaka 2013, nayo inasema kwamba deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa faida ya ndoa hubebwa na wote wawili kwa usawa. Mume huyu alikuwa amebebeshwa mzigo begani bila kuambiwa kwamba anabeba.

Lakini tusimwachie mke hatia yote, maana hapo tungekuwa waonevu. Kwa nini hakusema? Mwaka uliopita alipouza unga kwa mkopo na wateja wakamtoroka, mume alimfokea mbele ya mamake mzazi, na wiki nzima akamwita "mfanyabiashara mkubwa" kwa dharau. Mke alijifunza somo siku ile. Alijifunza kwamba katika nyumba hii hasara haisemwi. Mume alitaka kuambiwa ukweli, na papo hapo aliupandisha bei hata mkewe asiweze kuununua. Anayeadhibu hasara huzaa uongo. Huu ni msemo wa kuandikwa ukutani mwa kila nyumba yenye biashara.

Na mume mwenyewe? Alikuwa amepokea kwa dalali malipo ya awali ya maembe, hakusema. Alisema moyoni, "Hayo ni ya miti yangu." Kwa hiyo kila mmoja alikuwa akimlaumu mwenzake huku amelikalia robota lake. Nyumba nyingi ziko hivyo. Anayeanza kufungua lake ndiye mwenye nguvu, hata kama majirani watamwita mnyonge.

Mwenendo wa kufuata

Hatuwakatazi kununua mitumba. Serikali ilipozuia uingizaji wa mitumba mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, mpaka ikauruhusu tena mwezi Agosti, watu wengi waliona jinsi biashara hii inavyolisha nyumba. Tunawashauri haya.

Kubalianeni wawili kabla ya kulipa, na mtaje kiasi mtakachoweza kukipoteza bila mtoto kurudishwa nyumbani kutoka shule. Kama kiasi hicho ni kidogo kuliko bei ya robota, unganeni na nyumba nyingine au nunueni nguo za kuchagua moja moja. Faida itakuwa ndogo, lakini macho yenu yatakuwa yameona.

Fungueni pamoja. Kama mwenzako yuko shambani, robota lingoje. Mnapokata mikanda pamoja, mbaya ni mbaya yenu na nzuri ni nzuri yenu. Hesabuni, andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mara nyingi mapenzi hupotea nayo.

Mwenzako akikuletea habari ya hasara, neno lako la kwanza liwe shukrani kwa kuambiwa. La pili ndilo liwe swali. Hasira inaweza kungoja mpaka kesho. Ukweli ukifukuzwa leo, kesho haurudi.

Mwisho, kwa wale wanaouza: ukijua kilichomo, sema. Ukiwa hujui, sema hujui. Mtoto anayekuona ukifunga tena robota lililochaguliwa ameshajifunza namna ya kuishi na mke wake au mume wake wa baadaye.

Ya kuzungumza wawili, watoto wakishalala

1. Je, kuna fedha, deni au mapatano ambayo mwenzangu hayajui? Ninanyamaza kwa faida ya nani?

2. Mara ya mwisho mwenzangu aliponiambia habari mbaya, nilijibuje? Je, angependa kuniambia tena?

3. Ni kiasi gani nyumba yetu inaweza kukipoteza katika jaribio moja bila kuumiza watoto? Tukitaje kwa shilingi, tukiandike.

4. Tangu tulipooana, ni jambo gani nililolikuta ndani ya mwenzangu ambalo sikulitarajia, nami nashukuru? Je, nimewahi kumwambia?